Ubongo wa mgonjwa haujalala

Mhariri,

Ile makala yenu ya skizofrenia (ule ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo) na picha za ubongo nimeisoma yote, na asanteni kwa kuigusa maana wengi wanaikwepa, ila pale mlipoandika picha zinaonyesha ubongo wa mgonjwa "umelala" hapana jamani, stori mmeikata katikati.

Ni kweli mwaka 1986 Daniel Weinberger na wenzake kule Marekani waliwapima wagonjwa huku wanafanya mtihani wa kupanga kadi, wakakuta damu haiongezeki inavyotakiwa sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hiyo sehemu ndo inakusaidia kushika kitu kichwani wakati unakifanyia kazi, mfano umetajiwa namba ya simu na bado unatafuta kalamu. Basi watu wakasema huko mbele kumezima. Lakini zilipokuja skani za MRI zinazofuatilia oksijeni kwenye damu wakati mtu anafikiri, mambo yakageuka: Dara Manoach na wenzake, 1999, waliwapa watu namba za kushika kichwani na kwa wagonjwa sehemu ileile ikawaka zaidi kuliko kwa wazima! Timu ya Joseph Callicott nayo ikaonyesha sio suala la juu au chini tu, kazi ikiwa nyepesi ubongo wa mgonjwa unatumia nguvu nyingi kuliko kawaida, ukiuongezea mzigo unafika mahali unaachia. Ni kama bodaboda iliyopakia mishikaki inapanda mlima, inanguruma kweli kweli na mwendo hakuna.

Kwanini nalivalia njuga hili? Mdogo wangu anaumwa miaka mingi sasa na neno analoitwa mtaani kuliko yote ni mvivu. Ukimtuma sukari, sabuni na apitie kwa shangazi, anarudi na sukari tu, basi maneno yanaanza. Dawa zinamsaidia sana, zile sauti zimepungua, ila hizi dawa tangu enzi za Largactil, ile dawa ya mwanzo ya ugonjwa huu, miaka ya 1950 kwenye kumbukumbu ya namna hii hazisaidii sana, na daktari asipokuambia utadhani kijana anadeka.

Halafu kingine, mtu akisoma makala yenu atakimbilia kulipia MRI (na bei yake mnaijua) akidhani itamwambia mwanae ana skizofrenia au hana. Haiwezi. Hayo matokeo ni wastani wa makundi, mgonjwa mmoja mmoja anatambuliwa kwa maongezi na historia yake, daktari akiagiza skani mara nyingi anataka kuhakikisha hakuna uvimbe au tatizo lingine.

Kwahiyo naomba toleo lijalo mrekebishe hapo kwenye "umelala", na mkipata nafasi muwaulize wataalam jinsi ya kumtuma mtu kama huyu, maana sisi nyumbani siku hizi tunamtajia kitu kimoja kimoja, vikizidi tunamwandikia kwenye karatasi, na vingi anarudi navyo.

Dada wa mgonjwa,
Morogoro