Kabla hujabomoa nyumba ya babu

Njoro, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara tatu. Unasema nyumba ya babu inavuja, mbao zimeliwa na mchwa, na fundi uliyempata Nakuru mjini yuko tayari kuanza mvua ikikatika. Shamba ni lako sasa na sikuzuii. Ila nisikilize kwanza.

Unakumbuka nilipokupeleka kuliona jumba la Lord Egerton, yule mlowezi Mwingereza, ukiwa darasa la sita? Ulitaka kuhesabu vyumba vyote 52, ukachoka kabla ya kupanda ghorofani. Mwelekezi alitusimulia kisa kile ambacho kila mtu hapa Njoro anakijua, cha mwanamke aliyejengewa jumba lote lile na bado akakataa kuolewa. Ulirudi nyumbani ukimhurumia yule bwana. Mimi nilinyamaza siku hiyo, na nimejuta.

Ujenzi ulianza 1938, vita vikaingia kati, jumba likakamilika 1954. Mwenyewe alifariki 1958, miaka minne tu baadaye, bila mke wala mtoto, hata cheo chake cha ubwana kikakoma naye. Kinanda kikubwa cha mabomba kikabaki ukumbini. Jambo lake lililodumu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile shule ya kilimo aliyoianzisha 1939. Wakati huo ilikuwa ya vijana wa Kizungu; mtu kama babu yako asingekanyaga darasani. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton, na shangazi yako alisomea hapo hapo.

Sasa hili ndilo sikukwambia. Babu yako alibeba mawe kwenye jumba lile akiwa kijana, kibarua wa kulipwa kwa mwezi. Alibeba, halafu akawa anasimama kando kuwatazama waashi: jinsi jiwe linavyochongwa, linavyogeuzwa, linavyokaa juu ya jingine. Hakuna aliyemfundisha. Alipopata shamba lake baada ya uhuru, akajenga nyumba ya mbao kama majirani, lakini dohani akaijenga kwa mawe, kwa mikono yake, na majirani wakaja kuishangaa. Baridi ya Njoro unaijua. Sisi sote tulikuwa tukiota moto pale, na mimi nilijifungua dada yako hatua chache kutoka kwenye jiko lile.

Mwelekezi hakumtaja babu. Simlaumu, angejuaje? Jumba la Egerton lilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa 1996, lina sheria ya kulilinda na watu wa kulisimulia. Hata pale Hyrax Hill, ukitoka Nakuru kuelekea Nairobi, makumbusho yale yalikuwa nyumba ya kawaida tu ya shambani. Mwenyewe, Bi. Selfe, aliiacha 1965, ikapata kazi mpya, na mpaka leo imesimama. Nyumba ya babu ina sisi tu, na kati yetu anayejua habari zake zote ni shangazi yako, ambaye mwaka huu amekuwa akisahau majina ya wajukuu.

Kwa hiyo njoo Jumamosi, umwache fundi kwanza. Mkalishe shangazi barazani, uwashe simu yako urekodi. Muulize mawe ya dohani yalitoka wapi na yaliletwa na punda wa nani, maana hilo hata mimi silijui. Piga picha kila chumba, hata ghala la mahindi.

Mbao zilizooza ziende. Dohani mwambie fundi aishushe pole pole, kwa mkono, asitumie nyundo kubwa. Nimenunua chaki. Tutayapa mawe namba, wewe na mimi, tukianzia la chini kabisa, ndipo ujue pa kuyarudisha kwenye nyumba yako mpya.

Ni mimi mama yako.