Mnatupima presha, tuulizeni pia tumemeza nini

Mhariri,

Barua hii ni kuhusu wahudumu wa afya wanaopita mitaani kutupima presha, na uchungu tunaoumeza bila kuusema. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kawangware, cherehani nimeikalia miaka 17, kwa hivyo nikisema shingo inauma kila mtu ananiambia ni kazi, na mimi pia niliamini hivo. Lakini mwaka juzi mama yangu alifariki na mimi ndio kifungua mimba, ikabidi nishike kila kitu, grupu ya michango kwa WhatsApp, gari la kubeba mwili, hema, chakula cha wageni, wajomba nao wamekaa pale wanazozana nani asome wasifu wa marehemu, na kila anayenishika mkono ananiambia jikaze, wewe ndio mama yao sasa. Nikajikaza. Sikulia kanisani, sikulia kaburini. Duka nililifunga karibu mwezi mzima, cherehani sijaigusa, na huo ndio mwezi shingo ilikataa kabisa kugeuka, mbavu zikabana nikawa nashusha pumzi kila saa, na hapa kooni kukawa na kitu kimekwama, nikimeza hakishuki, nikikohoa hakitoki, ajabu ni kwamba chakula kinapita tu vizuri.

Hospitalini waliangalia koo wakapiga na eksirei, wakasema hakuna kitu, ni stresi tu, nikapewa dawa za maumivu nikaenda nyumbani. Hiyo "tu" ndio imenifanya niandike barua hii.

Jirani yangu ndiye alinipeleka kwa daktari wa tiba ya asili ya Kichina. Kwanza aliniambia nitoe ulimi, akashika vifundo vya mikono vyote viwili kwa vidole vitatu kama mtu anayesikiliza, halafu kupitia kwa msaidizi wake akauliza vitu sikuwa nimeulizwa na mtu yeyote: unashusha pumzi sana? hasira zako unapeleka wapi? umefiwa? Wee, nilinyamaza. Sindano alizonidunga ni nyembamba kuliko hata ile ninayoshonea shanga, na moja aliiweka kwa mguu, kati ya kidole gumba na cha pili, eti hapo ndipo njia ya ini inapopita. Nililia pale kitandani mpaka shuka ikalowa na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Hawa madaktari wa Kichina wana kitabu cha tiba kinaitwa Huangdi Neijing, kina zaidi ya miaka 2,000, na ndani yake hasira inasemekana inapandisha nguvu ya mwili, ile wanaita qi, woga unaishusha, na mawazo mengi yanaifunga fundo. Ini kwao ndilo linalofanya qi itembee bila kukwama na ndilo linalosimamia kano, kwa hivyo mtu akifungia uchungu ndani, ini linabanwa, mbavu zinakaza, shingo na mabega yanakuwa kama mbao. Na lile donge langu la kooni daktari mmoja wa zamani, Zhang Zhongjing, aliliandika karibu miaka 1,800 iliyopita, akasema ni kama kipande cha nyama ya kuchoma kimekwama kooni! Kumbe sikuwa nadanganya.

Mafundi wenzangu watanielewa haraka. Uzi ukijisokota chini kwa bobini, kile kigurudumu cha uzi kilicho chini ya sindano ya cherehani, kitambaa kinajikunja juu. Unaweza kupiga pasi siku nzima, mikunjo inarudi, kwa sababu shida haiko kwa kitambaa.

Na jambo linalonishangaza sana ni kwamba sisi tulikuwa tunajua haya kwa lugha yetu wenyewe. Mtu akikuumiza kwa maneno si tunasema amenikata maini? Maini, si kitu kingine. Mwenye kinyongo tunasema ana donge, na akiongea tunasema ametoa donge lake. Wazee waliotunga maneno hayo hawakuwa wamefika China. Halafu tukachukua maneno hayo tukayaacha yawe mapambo ya mashairi, tukabaki na lile la kuambiana jikaze.

Sisemi watu waache hospitali. Qi hakuna mashine iliyoipima, na ini wanalozungumzia Wachina si lile tu la kwenye picha ya biolojia. Kifua kikibana ghafla, au chakula chenyewe kikianza kukwama kooni, nenda hospitali kwanza, na tafadhali msinunue mizizi na majani ya Kichina hovyohovyo, kuna mengine ni sumu yasipotayarishwa vizuri. Ninachosema ni kwamba lile swali nililoulizwa halihitaji sindano, na halina gharama.

Tangu 2023 serikali imetuma wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, wana mabegi yenye mashine ya presha na ya sukari, kazi nzuri kabisa na nawashukuru. Basi waongezewe swali moja kwa ile fomu yao ya simu: kuna kitu umemeza hujakisema? Na kwa wanaume waulize mara mbili, maana hao ndio tumewafunga mdomo tangu wakiwa watoto, akianguka anaambiwa mwanaume halii, sasa ana miaka 50 mgongo hauinami na yeye mwenyewe hajui kwa nini.

Yule mhudumu wa mtaa wetu alikuja dukani mwezi jana, akanipima, akaandika, akawa anafunga begi. Nikamwambia dadangu keti kwanza, nikamweleza habari za mama. Akaniangalia, akajishika bega la kushoto, akasema lake limemuuma tangu mumewe aondoke na hajawahi kumwambia mtu. Tulikaa hapo mpaka giza likaingia, wateja wakaniambia watarudi kesho.

Fundi wa nguo,
Kawangware, Nairobi