Makapi ya mkonge ni mali ya nani?

Mhariri habari za kazi,

Kila siku tunasikia mkonge ni dhahabu ya kijani, mkonge umefufuka Tanga, sawa hatukatai, ila mbona hatuambizani kwamba kwenye jani zima singa, yaani nyuzi zinazouzwa, ni kama asilimia 4 tu na zilizobaki zote ni maji na makapi?

Mi nalima mkonge kidogo huku Muheza na majani napeleka korona, kwenye mashine ya kuchambua singa, kama wenzangu. Aliyewahi kupita nyuma ya ile mashine anajua nachosema, yale makapi mabichi yanarundikwa tu, ukiyashika mikono inawasha mpaka usiku, maji yake machachu yanateremka hadi mtoni ambako watu wanachota, halafu mkulima unalipwa singa basi. Makapi hayana hata mstari kwenye risiti. Na majani yakikaa foleni yakanyauka hasara ni yako, lakini hilo tuliache kwa leo.

Kinachoniuma ni kwamba utaalamu wenyewe hauko mbali. Makapi yakiozeshwa bila hewa yanatoa gesi, pale Hale, Korogwe, ulishajengwa mtambo wa kufua umeme kwa makapi hayahaya, na yanayobaki ni mbolea. Zao lenyewe kaleta mtaalamu, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikapona 62 tu, kilimo cha mkonge hapa kwetu kimeanzia hapo. Ile mbegu chotara ya mkonge namba 11648 nayo imetoka kwenye kituo cha utafiti cha hapahapa Mlingano, Muheza, Wachina wakaichukua na leo ndo mkonge wanaoutegemea, sijui sisi tunakwama wapi.

Mi naomba mkataba wa mkulima na mwenye korona uandikwe wazi makapi ni ya nani. Kama ni yangu nipewe, kuyabeba nitajua mwenyewe, maguta yapo. Kama ni ya korona basi ayalipie na asimwage mtoni. Na wataalamu wetu siku ya mkutano wa AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, waje na ndoo moja ya makapi yaliyoozeshwa sawasawa watuonyeshe, watuambie pia yakae muda gani kabla hujayapeleka shamba, maana kuna jirani yangu aliyamwaga mabichi kwenye mahindi yakaungua yote na sasa hataki hata kuyasikia.

Mkulima mdogo,
Muheza, Tanga