Sanduku la zana nimeliona

Mwanangu mpendwa,

Sanduku la zana nimeliona. Lilikuwa nyuma ya kabati la nguo, umelifunika shuka. Sijakasirika. Nilikaa kitandani nikalitazama, nikaelewa kwamba tangu siku ile na wewe hujapata usingizi, na hilo limeniuma kuliko kidonda cha mkononi walipopitishia mrija.

Unaamini kazi ndiyo iliyotaka kuniua. Basi nikueleze siku ile ilivyokuwa, maana sijawahi kukuambia yote. Nilikuwa napiga randa ubao wa mlango, mapema asubuhi, kifua kikaanza kubana kama nimetwishwa gunia. Taya likauma, jasho la baridi likanitoka. Nikasema ni gesi. Nikanywa maji, nikarudi kwenye ubao. Mwenzangu aliniuliza mara mbili, mara zote mbili nikamjibu niko salama. Karibu saa tatu zilipita hivyo kabla sijakubali kupelekwa hospitali, na muda wote huo mshipa umeziba, misuli ya moyo inakufa kidogo kidogo kwa kukosa damu. Daktari alinionyesha kwenye skrini: upande mmoja wa moyo haukucheza kama mwingine. Lile eneo lingeweza kuwa dogo zaidi, mwanangu, kama ningefungua mdomo mapema. Siwezi kuisingizia randa.

Leo ni wiki ya tisa. Mshipa una stenti, mrija mdogo wa wavu wa chuma unaoushikilia ukae wazi. Walinieleza kwamba kovu la moyo huhitaji wiki 6 hadi 8 hivi kukaza, ndiyo maana sikurudi mapema. Moyo wenye afya, kila unapopiga, husukuma nje kama asilimia 55 hadi 70 ya damu iliyojaa chumba chake cha kushoto. Wangu ulikuwa 40 nilipotoka hospitali, juzi wamepima 48. Haujafika, lakini napanda ngazi huku nikizungumza nawe bila kukatika pumzi, na hicho ndicho kipimo walichonipa cha kujua kama nimezidisha.

Najua ungependa nilale tu. Zamani hata madaktari waliamini hivyo. Mgonjwa wa moyo alilazwa wiki nzima nzima bila kunyanyuka, na wengine damu iliwaganda miguuni ikapanda mapafuni. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, madaktari wa Boston, wakaandika juu ya wagonjwa waliowatoa kitandani mapema na kuwakalisha kitini, na hawakudhurika. Nami nimekaa kitini vya kutosha.

Nitaanza na nusu siku. Kupima, kuchora, kupiga msasa, basi. Mbao watabeba vijana. Patasi nitaishika kwa uangalifu, kwa sababu dawa hizi mbili za kuzuia damu isigande zinafanya hata mchubuko mdogo uchuruzike muda mrefu, na daktari amenionya nisiache hata moja kwa uamuzi wangu. Ile ya kutuliza mapigo inanilegeza asubuhi, kwa hiyo mkuu wa karakana amekubali niingie saa tatu. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana kitakuwa mfuko wa shati, upande wa kushoto. Mwenzangu nimemwonyesha kilipo na jinsi ya kunikalisha. Nimemwambia pia kwamba nikisema niko salama huku natoka jasho bila sababu, asinisikilize, aite gari la wagonjwa.

Hofu ninayo, sikufichi tena. Usiku nikigeukia ubavu wa kushoto nasikia moyo unavyogonga kwenye mto, nabaki macho nikihesabu. Nimemweleza daktari hata hilo. Amesema ni wengi wanaopitia hali hiyo, na kwamba nisiinyamazie ikazidi. Wewe nakuomba upige simu mara moja kwa siku, jioni, badala ya kila saa. Nikijisikia vibaya nitakupigia mwenyewe, hata kama itakuwa gesi.

Kuna jambo moja zaidi. Sanduku ni zito, na sijaruhusiwa kunyanyua mzigo wa namna hiyo. Jumatatu saa mbili unusu uje unibebee mpaka karakana.

Baba yako