Dizeli kuukuu isipimwe kwa kilomita pekee

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ununuzi wa magari na vani kuukuu za dizeli, maana wengi wetu hutazama kilomita na rangi ya bodi, tukasahau kuuliza injini inalishwa mafuta kwa njia gani.

Injini za zamani zenye pampu ya kimakanika, kama zile za Mercedes-Benz W123, hunguruma na huchelewa kushika kasi, lakini huvumilia mengi na fundi huzitengeneza bila kompyuta. Zile za komoni reli, yaani ambazo nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa, zilizoanza kufungwa katika magari madogo mwaka 1997, ni tulivu na hubana mafuta. Hata hivyo, nozeli zake hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi baa 1,000, kwa hiyo maji yakipenya kwenye dizeli huzila haraka. Ndiyo sababu chujio la dizeli ni kitu cha mwisho ambacho ningekifanyia ubahili.

Kabla ya kujadili bei, mimi huomba injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba vani yake haijawashwa tangu jana, ilhali boneti ilikuwa ya moto kiganjani mwangu. Moshi mweusi huashiria uhaba wa hewa au dizeli iliyozidi, na wa buluu ni oili inayoungua. Lakini mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, hunifanya niage mapema.

Msomaji wako