YAH: MALALAMIKO YA KUWEKEWA KOLAJENI YA NGURUWE BADALA YA UFIZI WANGU MWENYEWE

Kwa Mkurugenzi wa Tiba,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mgonjwa wa kliniki yenu. Nalalamikia upasuaji wa kupandikiza ufizi uliofanywa na daktari wenu kuzunguka jino langu la kupandikiza, gego la chini upande wa kushoto. Fomu ya ridhaa niliyosaini inasema kipande cha ufizi kitakatwa kwenye kaakaa langu mwenyewe. Nilichowekewa ni kolajeni ya nguruwe, yaani kipande kilichotengenezwa kwa protini ya mwili wa mnyama huyo, na hakuna aliyeniambia, si kabla ya upasuaji wala baada yake.

Nilianza kushtuka ganzi ilipoisha. Nilikuwa nimeandaliwa kwa kidonda cha kaakaa: nile vyakula laini, visiwe vya moto, na nisisukutue kwa nguvu. Nikalipapasa kaakaa lote kwa ulimi, nikakuta zima, halina hata mkwaruzo. Nilipopiga simu, muuguzi alinijibu tu kwamba daktari ametumia njia rahisi zaidi. Ikabidi niombe jalada langu. Kwenye ukurasa wa siku ya upasuaji imebandikwa stika iliyobanduliwa kwenye pakiti ya kolajeni, ina namba ya bechi na imeandikwa wazi kuwa asili yake ni nguruwe. Ukurasa unaoutangulia ndio wenye fomu yangu, sahihi yangu ikiwa chini ya maelezo ya kukatwa kaakaa.

Mimi ni Muislamu. Jambo hili limeninyima usingizi, na linaniumiza zaidi kwa kuwa lingeepukwa kwa swali moja tu kabla sijachomwa ganzi.

Sipingi kwamba kolajeni ni tiba inayokubalika. Inamwepusha mgonjwa kidonda cha pili na kufupisha upasuaji. Lakini vifaa vya aina hii vina asili mbalimbali: vipo vya nguruwe, vipo vya ng'ombe, na vipo vinavyotengenezwa kwa ngozi ya binadamu aliyefariki. Mgonjwa ana haki ya kukikataa chochote kati ya hivyo, iwe kwa dini, kwa mzio au kwa kutotaka tu. Ningeelezwa, ningewauliza wanaonifundisha dini, kisha ningeamua. Hata kama ningekubali, uamuzi ungekuwa wangu.

Upande wa tiba nao haujakaa sawa. Daktari wenu mwenyewe ndiye aliyenielewesha kwamba jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazojichimbia kwenye mzizi, ilhali kwenye skrubu ya titani, ile inayochomekwa mfupani kushikilia jino la kupandikiza, nyuzi za ufizi hupita kandokando bila kujishikiza. Kwa hiyo ufizi mgumu, usiochezacheza, una kazi kubwa pale. Alipima, akaniambia wangu upande wa shavu haufiki milimita 2, na kwamba ndiyo sababu mswaki unaniuma na utando wa uchafu haushi kurudi. Akasema kipande cha kaakaa ndicho cha kutegemewa zaidi kuongeza ufizi huo, kwa kuwa kinahama na ugumu wake. Nilikubali kuumia kaakaa kwa maelezo hayo.

Leo nikivuta shavu kwa kidole mbele ya kioo, ukingo wa ufizi unavutika nao hadi shingoni mwa jino, vilevile kama zamani. Mswaki bado unauma. Nilipolalamika kwenye ukaguzi, nilijibiwa kwamba kila kipandikizo cha ufizi hunywea. Ni kweli, hata cha kaakaa hunywea. Ila jibu hilo halinitoshi wakati kilichonywea sicho tulichokubaliana. Nina hofu ya msingi pia: uvimbe ukidumu pale unaweza kushuka hadi kwenye mfupa unaoishika skrubu, na mfupa ukiliwa, jino lenyewe linapotea.

Halafu kuna ankara. Nimetozwa gharama ya kuvuna ufizi kwenye kaakaa, kazi ambayo haikufanyika. Fedha hiyo naidai yote.

Nataka maelezo ya maandishi ya nani aliamua kubadilisha, lini, na kwa sababu gani hakuniuliza, pamoja na nakala kamili ya jalada ikiwa na stika hiyo. Nataka nikaguliwe na mtaalamu wa fizi asiye mwajiriwa wenu, kwa gharama yenu. Akiona upasuaji urudiwe, mtaulipia, na mimi ndiye nitakayechagua kitakachopandikizwa na mkono utakaokipandikiza. Na fomu yenu ibadilishwe: asili ya kila kifaa itajwe kwa jina, mgonjwa asaini mbele yake. Nina hakika si mimi peke yangu niliyelala kwenye kiti kile bila kujua.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, nitapeleka malalamiko haya kwa chombo kinachosimamia leseni za madaktari wa meno.

Nimeambatisha nakala ya fomu ya ridhaa, ukurasa wa jalada wenye stika, na ankara.

Mgonjwa wenu,
(Sahihi)