Mume wangu anauliza: mbona Mungu hajaniambia na mimi?

Mpendwa mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine na nimeona huwavishi watu kilemba cha ukoka. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, mhasibu kwa taaluma. Kwa muda mrefu nimekuwa nikienda na kina mama wenzangu wa kanisani kuwatembelea wagonjwa hospitalini. Tunaingia wodini, tunasalimia, tunaomba, tunatoka. Mara nyingi mimi hubaki nyuma, kwa sababu hakosi mgonjwa ambaye hata hataki kuombewa, anataka tu mtu wa kukaa naye. Huko ndiko jambo hili lilikoanzia. Sikusikia sauti wala sikuota ndoto. Ni msukumo ambao haunitoki: niache kazi, nikasomee theolojia, kisha niwatumikie wagonjwa siku zote.

Nimeomba nafasi katika chuo cha Biblia na nimekubaliwa. Masomo ni ya miaka mitatu, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kanisa halijaahidi kunipangia kazi nikimaliza. Karo za watoto zinatoka kwenye mshahara wangu, na huo ukikosekana hesabu za nyumbani hazikubali. Nimezipiga na kuzirudia, na kupiga hesabu ndiyo kazi yangu.

Mume wangu ni mwombaji kuliko mimi, na hakunikatalia. Aliniambia tu, "Mama watoto, Mungu akikuita wewe ameniita na mimi, maana nyumba ni moja. Mbona mimi hajaniambia?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mchungaji wetu alinifungulia Waebrania 11:8, pale Ibrahimu alipoitwa, "akatoka asijue aendako". Neno hilo nalipenda. Lakini Ibrahimu aliambiwa toka, tena waziwazi. Asichokijua ni mahali. Kwangu mambo yamegeuka. Mahali napajua, hata jina la chuo ninalo. Nisichojua ni kama kweli nimeambiwa toka. Mchungaji alicheka akasema nafikiri kupita kiasi. Huenda.

Dada mmoja wa kikundi cha maombi alikuja na ujumbe: Bwana amemwonyesha kwamba niache kazi mara moja, nikichelewa nitakuwa Yona, nabii aliyelikimbia agizo la Mungu. Neno hilo lilininyima usingizi. Baadaye nikakumbuka kwamba Yona alitajiwa Ninawi kwa jina, ndipo akapanda merikebu ya kwenda Tarshishi. Nikasoma pia 1 Wafalme 13, habari ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa ameagizwa asile wala asinywe mahali pale. Nabii mzee akamwambia kwamba malaika amesema naye, akamrudisha nyumbani kwake akamlisha, na yule mgeni akauawa na simba njiani. Simwiti dada yetu mwongo, ananipenda sana. Ila yule mtu wa Yuda alikuwa na neno lake la kwanza ambalo angeweza kulishikilia. Mimi nina msukumo.

Wapo wanaoniambia nikubali nafasi ile, kama si mapenzi ya Mungu ataufunga mlango. Najua ndivyo ilivyokuwa kwa Paulo katika Matendo 16: alikatazwa kuhubiri Asia, akajaribu Bithinia akazuiwa, hata alipofika Troa akaona maono ya mtu wa Makedonia. (Paulo hakuwa na karo za kulipa, lakini hilo tuliache.) Kinachonisumbua ni kwamba baada ya maono hayo alichapwa viboko na kutiwa gerezani huko Filipi, na bado alikuwa mahali alipotumwa. Basi shida si dalili kwamba nimekosea, na chuo kunikubali si dalili kwamba nimesikia vizuri. Sasa nitazame nini?

Kuna jambo jingine ambalo sijamweleza mchungaji. Kazi imenichosha. Tangu uongozi wa ofisi ubadilike naamka asubuhi nikiwa mzito, na ni katika kipindi hicho hicho wito huu umezidi nguvu. Naogopa kwamba uchovu wangu nimeubatiza nikauita wito. Kwa upande mwingine, wodini naenda tangu enzi ambazo ofisi niliipenda. Je, Mungu anaweza kumwita mtu kwenda kwenye kitu ambacho mtu huyo tayari anakitamani, au utii lazima uume?

Nimefikiria kukiomba chuo kinishikie nafasi kwa mwaka mmoja, mimi na mume wangu tuombe pamoja na kuweka akiba kidogo. Kwangu hiyo ni kuhesabu gharama kama Bwana alivyofundisha kuhusu mjenzi wa mnara. Lakini katika Luka 9 yupo aliyeomba tu kwenda kuwaaga watu wa nyumbani mwake, akajibiwa kwamba ashikaye jembe kisha akatazama nyuma hafai. Na Elisha, alipoitwa na nabii Eliya amfuate, aliomba kumbusu baba yake na mama yake, Eliya akamruhusu arudi. Mimi ni yupi kati ya hao wawili? Kungoja mwaka ni busara, au ni kukataa kwa upole?

Na mume wangu nimjibu nini? Sitaki kumshinda kwa maandiko, wala sitaki akubali kwa kuogopa kumpinga Mungu.

Tafadhali usiniambie niombe zaidi, naomba. Niambie ungekuwa wewe, ungekiandikia chuo nini.

Wako katika Bwana,
Mama wa wodini